ASALI YANGU ILICHACHA, NIKARUDISHA HELA ZA WATU. JIFUNZE KWANGU

Leo nawapa somo lililokula kodi yangu ya fremu.

Nipo Tabora, nina mizinga miwili mwisho wa bustani nyuma ya nyumba, chini ya miembe. Huku kwetu asali ina jina, ukimwambia mtu wa Dar "asali ya Tabora" hakuulizi mara mbili. Nikataka hela ya haraka. Mvua bado zinanyesha, mimi nikarina. Masega mengi yalikuwa wazi, ukiyatikisa asali inadondoka. Nikachuja, nikajaza chupa 14 za lita moja, kila moja 12,000, zikapanda basi.

Wiki ya tatu simu zikaanza. "Mdogo wangu, mbona asali yako inatoa povu?" Mwingine kifuniko kimetutumka, harufu kama pombe. Nilitamani kuzima simu, ila ningezima biashara. Niliwarudishia wote 14, hata ambao hawakulalamika. 168,000 ikaondoka.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayerina tangu ujana wake. Akaniuliza swali moja tu: "Masega yalikuwa yamefunikwa?"

Sababu ni hii. Nyuki analeta mbochi, yale maji matamu ya maua. Yana maji mengi, kwa hiyo nyuki wanayapepea kwa mabawa mpaka yapungue. Maji yakishuka chini ya asilimia 20 hivi, wanafunika kwa nta. Hapo ndipo asali imeiva. Ukiwahi kabla, hamira ya asili iliyomo inafanya kazi, asali inachacha.

Sasa nafanya hivi:

1. Nasubiri mvua ziishe. Narina jioni, nina bomba la moshi na mavazi ya kujikinga, na majirani nimewaambia mapema. Nyuki wetu ni wakali. Kama nyumba zenu zimebanana, fuga wale nyuki wadogo wasiouma.

2. Nachukua sega lililofunikwa robo tatu au zaidi. Lililo wazi nawaachia wenyewe.

3. Asali inavuta unyevu wa hewa. Chupa iwe kavu kabisa, kifuniko kibane.

4. Napima. Lita moja ya asali iliyoiva ina kilo 1.4 hivi. Ukinunua kwa kilo na kuuza kwa lita, piga hesabu hiyo kwanza, la sivyo unauza hasara huku unacheka.

5. Namwambia mteja kabla hajanipigia: asali ikiganda haijaharibika, wala sijatia sukari. Aweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, asichemshe. Na asimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walitoka hapa na mizigo mabegani mpaka Bagamoyo, miezi njiani. Mzigo wangu leo unafika Dar siku hiyo hiyo. Sasa kumsubiri nyuki wiki chache amalize kazi yake kunanishinda nini?

Kati ya wale wateja 14, tisa walinunua tena msimu uliofuata. Mmoja alisema alirudi kwa sababu ya ile hela niliyomrudishia.

Na wewe, ulishawahi kurudisha hela ya mteja? Tuambie hapo chini, tujifunze wote.