Maji Ndani ya Difu



Somo la safari hii halihusu mkarafuu wenyewe, bali gari inayochukua karafuu kutoka shamba. Mwenye shamba Pemba ajua kwamba baina ya kilima na kilima pana bonde, na bondeni pana tope na maji, na gari sharti ipite hapo hapo. Gari ikikwama na magunia ya karafuu mbichi juu yake, hasara haingoji. Karafuu mbichi zikilala zimelundikana hushika joto na kuchachuka, na zikija kukauka huwa nyeupe zenye mikunjo, daraja ikashuka.

Mimi yamenifika. Msimu mmoja difu ya nyuma ya gari yangu ilisaga meno bondeni, saa za magharibi, na magunia kumi na moja juu. Tuliyapandisha mlimani kwa vichwa, mawili tukayaacha mpaka asubuhi. Fundi alipolegeza nati ya chini, kilichomwagika kilikuwa kama chai ya maziwa. Nikamlaumu mtu aliyeniuzia oili. Nilimdhulumu, na baadaye nilikwenda kumtaka radhi.

Sababu yenyewe niliielewa mbali na kwetu, huko Kirumba katika mji wa Mwanza, nilipokwenda kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Kirumba iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na mwalo wake una soko kubwa la samaki na dagaa. Mwalo kwa watu wa ziwa ni kama diko kwetu: ndipo vyombo vinaposhusha mzigo, na magari huusogelea maji kadiri yanavyoweza. Ukingo wenyewe hautulii. Mwezi wa Mei 2020 maji ya ziwa lile yalipanda hata yakapita kiwango cha mwaka 1964, na mialo mingi ikafunikwa.

Asubuhi moja nilimwona kijana amefika na Land Rover kuukuu kutoka safari ndefu. Chombo chake kilikuwa kimekwisha fika, na ili kukifikia ilimpasa arudi nyuma mpaka ekseli izame. Lakini aliisimamisha gari kivulini, mbali kidogo na maji, akakaa.

"Mwanangu," nikamwuliza, "mbona huteremki, na wenzako wanakungoja?"

"Shikamoo, mzee. Nangoja difu ipoe."

"Marahaba. Ipoe kwa sababu gani, na maji ndiyo yatakayoipoza?"

Akacheka, akaniambia niguse tumbo la ekseli. Sikuweza kuuweka mkono. "Basi hiyo, mzee, ukiitia majini hivyo, inakunywa."

Neno lile "inakunywa" ndilo somo lote. Ndani ya tumbo la ekseli mna meno mawili makubwa: pinioni, ambayo huzungushwa na shafti itokayo kwenye gia boksi, na krauni, ambayo huzungushwa na pinioni. Kati yake mna meno madogo yanayoyaruhusu magurudumu mawili kwenda kwa kasi mbalimbali gari inapokata kona. Yote haya huoga katika oili ya gia. Lakini oili haijai pomoni. Juu yake mna hewa. Gari ikienda mwendo mrefu, oili na hewa hupata joto, hewa ikatanuka na kutoka kwa kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Ukiizamisha ghafula katika maji ya baridi, hewa iliyobaki hujikunja mara moja na kuvuta. Kama kitundu kimezama, huvuta maji kwa hapo. Kama kimezibwa na tope, huvuta kwa kupitia sili za mpira, ambazo zilitengenezwa kuzuia oili isitoke, si kuzuia maji yasiingie.

Ndiyo maana gari iliyopita mto polepole asubuhi, ikiwa baridi, yaweza kusalimika, na gari ile ile ikaharibika adhuhuri katika maji ya chini zaidi. Mimi nilikuwa nikitoka mjini moja kwa moja na kuingia bondeni.

Basi ukifika penye maji ya kufikia ekseli, na una nafasi, simama. Nusu saa ni heri kuliko siku tatu za fundi. Lakini mvua haikupi nafasi kila mara, kwa hiyo dawa ya kudumu ni kile kitundu. Kitafute juu ya ekseli; mara nyingi kina kifuniko kidogo cha chuma. Kifungue, kioshe kwa mafuta ya taa, kipulize mpaka hewa ipite. Kijana yule wa Kirumba alikuwa amekiondoa kifuniko, akaunga mpira mwembamba usioharibiwa na oili, akaupandisha mpaka chini ya boneti, ncha yake ikitazama chini. Mpira uachwe na ulegevu, kwa kuwa ekseli hupanda na kushuka, na uepushwe na ekzosi. Kazi hii haina gharama kubwa, na mwenye spana moja aweza kuifanya.

Kitundu kikiziba huleta na balaa ya pili. Siku ya joto hewa hukosa pa kutokea, ikaisukuma oili nje kupitia sili mpaka kwenye breki. Ukiona gurudumu limelowa oili kwa upande wa ndani, usikimbilie kununua sili mpya kabla ya kutazama kitundu.

Sili nazo zina adui ambaye sikumdhania. Pale mwaloni nyuzi za nyavu zimetapakaa chini, nazo hujizungusha kwenye shafti, hapo inapoingia katika difu, zikaikata sili kama wembe. Kwetu ni nyuzi za magunia na kamba za usumba. Lala chini ya gari utazame, uzikate kwa kisu. Tope lililokauka penye sili lioshwe kwa maji ya kawaida na brashi. Mashine ya maji ya nguvu isielekezwe hapo, maana hulisukuma tope ndani. Aliyeingia maji ya bahari aoshe kwa maji matamu siku ile ile.

Baada ya kuzama, hapana budi kukagua. Iache gari usiku kucha mahali pa sawasawa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yasiyochanganyika yatakuwa yamekwenda chini. Asubuhi fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ulegeze ya kumwagia. Wako waliomwaga oili yote, kisha wakaona nati ya juu imeshika kutu haifunguki, na gari haiwezi kwenda hata kwa fundi. Kikitoka kitu cheupe kama maziwa, mwaga yote, tia oili mpya ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari yako, endesha masafa mafupi, kisha mwaga tena na ujaze mara ya pili mpaka ifike mdomo wa tundu. Usisuuze kwa petroli, kwa kuwa hubakia ndani na kuipunguza nguvu oili mpya. Chenga laini nyeusi si neno, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kidole ni meno yanayokatika.

Oili chafu ikingwe katika debe, isimwagwe bondeni penye mpunga.

Mpira wangu nimeufunga kabla ya masika, ekseli zote mbili.