Wewe wa Milimani Unayeshuka Kununua Boti: Fanya Hili, Usifanye Lile

Kila baada ya mavuno ya maharage nawaona mwaloni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, watu wa Kasulu na Kibondo, viatu vimejaa vumbi jekundu, fedha imefungwa kiunoni, wanatafuta boti kuukuu. Mimi ni mtu wa Kasulu, na boti yangu ya kwanza niliinunua hivyohivyo. Kwa hiyo leo simbembelezi mtu.

AMUA KAZI KABLA HUJASHUKA. Tuseme umeonyeshwa mbili, zimelala mchangani ubavu kwa ubavu. Moja ni fupi na pana, ya kubeba magunia na madumu ya mawese hadi vijiji vya kusini. Nyingine ni ndefu na nyembamba, ya kuwahisha migebuka sokoni kabla jua halijawa kali. Usiulize ipi nzuri. Jiulize wewe: nitabeba, nitakimbia, au nitalala humo? Ile pana hunywa petroli na huchelewa, lakini upepo wa kusini wa kiangazi ukiipiga ubavuni, inatulia. Ile nyembamba inakimbia kweli. Ijaze magunia uone maji yanavyosogelea ukingo na abiria wanavyoanza kusali. Anayekesha na dagaa usiku wa giza ana shida nyingine kabisa: anataka mahali pakavu pa kuegemeza mgongo, na nafasi ya kuweka jiko la mkaa juu ya debe la mchanga, mbali na petroli. Muuzaji atakuapia kwamba boti yake inafanya yote matatu. Hata muuza baiskeli wa Kasulu husema baiskeli yake ni ya shamba, ya mjini na ya bwana harusi.

USINUNUE RANGI. Boti iliyopakwa rangi wiki iliyopita inaficha kitu. Vua shati, lala chali, ingia chini yake mpaka kwenye mkuku. Chomeka ncha ya kisu kwenye mbao, hasa upande wa tezi na pale mataruma yanapokutana na mkuku. Mbao nzima hukirudisha kisu. Iliyooza hukipokea kama ndizi mbivu. Tazama na vichwa vya misumari: michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kila msumari maana yake msumari wenyewe umekwisha, na ubao umeshikiliwa na mazoea tu.

Watu wa pwani watakutisha na mdudu atoboaye mbao. Huyo ni wa maji ya chumvi, huku kwetu hayupo. Adui wa boti ya ziwani ni maji ya mvua yaliyotuama ndani, chini ya mbao za kukanyagia, mahali pasipoingia hewa. Zing'oe hizo mbao za kukanyagia. Muuzaji akikataa, umeshajibiwa.

USIHUKUMU UVUJAJI WA SIKU YA KWANZA. Hapa ndipo wengi wetu wa milimani hupigwa, na mimi nilipigwa hapa. Boti iliyokaa juani miezi miwili mbao zake hukauka na kuachana; ukiishusha majini itavuja kama chujio, halafu mbao zitavimba na kujibana zenyewe. Hiyo si kasoro. Kasoro ni ile inayoendelea kuvuja baada ya hapo. Basi ishushe, ipakie mifuko ya mchanga sawa na mzigo utakaobeba, iache majini siku mbili. Siku ya pili jioni fua maji yote, ukalale, kisha alfajiri uhesabu ndoo. Mimi niliikataa boti nzuri kwa sababu ilivuja asubuhi moja, nikanunua jirani yake iliyokuwa kavu kabisa. Ilikuwa kavu kwa sababu nyufa zilikuwa zimezibwa na lami. Katika safari ya tatu lami ikabanduka kipande kimoja, kirefu kama mkono wangu, na tulifua maji kwa sufuria ya ugali mpaka nchi kavu. Fundi aliyeitengeneza baadaye alichokonoa kila kiungo, akasukumiza pamba iliyochovywa mawese, sentimita kwa sentimita, kwa wiki nzima. Gharama yake ingeninunulia ile niliyoikataa.

WEKA KIGANJA KWENYE INJINI KABLA HAIJAWASHWA. Ikiwa ya moto, imepashwa alfajiri kabla hujafika, maana ikiwa baridi haiwaki. Rudi kesho bila kutaja saa.

Usidharau mashine kwa uzee wake tu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya makasha, ikaelea 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza wakaiinua 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina hili la Liemba. Uliza basi: mashine hii ilipakwa grisi na nani, na lini?

USIPIGE HESABU YA MIEZI KUMI NA MIWILI. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Boti ya dagaa isiyoweza kubeba mzigo ililala mchangani muda wote huo, na mkopo haukulala.

DAI KARATASI: usajili, leseni, na ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali la vyombo vya majini, kama utapakia abiria. Namba iliyo ubavuni ilingane na ya kwenye karatasi. Hesabu jaketi okozi kwa mkono wako, moja moja, uzivae. Kina cha ziwa hili kinafika mita 1,470.

USIKUBALI BOTI ISIYO NA MAKASIA NA TANGA, hata la turubai. Petroli huisha katikati.

USILIPE JIONI. Jioni muuzaji ana haraka nawe una njaa. Lipa asubuhi, mbele ya viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, baada ya kuhesabu ndoo.