Siku moja Bangkok

*Nitapita Bangkok siku moja tu nikielekea Guangzhou kufuata mzigo. Nianzie wapi, na nifanyeje nisitapeliwe? – Mfanyabiashara, Kariakoo*

Ndugu, siku moja inatosha ukiamka mapema. Anzia Kasri Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1782. Hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Funika mabega na magoti, la sivyo utazuiwa mlangoni. Akitokea mtu nje akakwambia "leo pamefungwa" na kukuitia bajaji ya bei chee, mpite. Safari hiyo huishia duka la vito. Hekalu la Wat Pho lipo jirani, lenye sanamu ya Buddha aliyelala, ya urefu wa mita 46. Mimi nalipenda kuliko kasri lenyewe. Kisha panda kivuko, uvuke mto hadi hekalu la Wat Arun. Ukipata matatizo, polisi wa watalii wapo kwa simu namba 1155.