Mwana, Mzazi na Elimu ya Kilimo

Katika darasa yetu tumeletewa suala na kijana wa mji wetu. Ameitwa kusoma kilimo katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, Kitui, na baba yake hataki. "Nimekusomesha ili ushike jembe?" ndiyo kauli yake, yeye amtakia udaktari. Kijana atuuliza: amtii baba, au afuate elimu aliyoichagua?

Kwanza, haki ya wazazi ni kubwa. Katika Sura ya Luqman, Mwenyezi Mungu ameikutanisha shukurani yao na shukurani Yake. Hata mzazi amwamrishaye mwanawe ushirikina, ijapokuwa hatiiwi katika hilo, hukaliwa kwa wema. Sembuse baba ambaye hakukosa ila kumtakia mwanawe makuu? Basi kijana asimpandishie sauti, wala asiondoke kwa siri.

Pili, twasema na wazazi. Elimu ambayo umma hauwezi kukaa bila ya hiyo ni fardhi ya kifaya, na chakula ni katika hayo. Nabii Yusuf, amani imshukie, aliwaokoa watu wa Misri kwa kuweka nafaka ndani ya mashuke yake, akiba ya miaka 7 ya ukame. Je, hiyo si elimu ya kilimo? Na mbaazi tulazo kwa mahamri asubuhi hulimwa kwa wingi Kitui na Makueni, nchi za mvua haba. Huko watu hujenga kuta katika mito ya msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakakaa ndani ya mchanga, jua lisiyakaushe upesi. Kazi hiyo yataka hesabu, si jembe tupu. Na Kilifi na Tana River, kwani hazipatwi na ukame?

Tatu, njia ya kupita. Kijana amsikilize baba yake mpaka mwisho, apate kujua anachokiogopa: ni riziki, ni umbali, au ni maneno ya watu? Aswali Istikhara, kisha amtume ami yake au mzee ambaye baba humstahi. Ikiwa baba ni mgonjwa na hana mwingine wa kumtumikia, khidma yake itangulie, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alimrejesha kwa wazazi wake mtu aliyetaka kutoka kwenda jihadi. Lakini ikiwa hofu ni maneno ya watu tu, kuendelea kumsihi kwa adabu si uasi.

Na baba naye twamuomba ajiulize: akimlazimisha mwanawe udaktari asioutaka, akashindwa katikati ya njia, miaka iliyopotea atamdai nani?

Kijana ametuahidi kwamba Ijumaa, baada ya sala, atakwenda kwa baba yake pamoja na ami yake. Nasi twamuomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zao, awape wote wawili lililo na kheri. Amin.