Dondoo muhimu: Safari ya milimani Ruvuma msimu wa mvua

Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mkoani Manyara, na kuua watu zaidi ya 80. Anayetoka Songea kwenda Mbinga na Mbamba Bay naye hupita kwenye miteremko mikali, na mvua huko hunyesha hadi Aprili.

Kabla ya kuondoka. Msafiri asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, udongo hulowa na kuwa mzito na kushikamana kwake hulegea.

Dalili za poromoko. Nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi isiyokuwepo jana. Mto ukipungua ghafla huku mvua ikiendelea, huenda umezibwa juu. Watu waondoke bondeni mara moja.

Ardhi ikianza kuporomoka. Msafiri akimbilie pembeni, kwenye mwinuko, asifuate bonde kushuka. Asirudi kuchukua mizigo: poromoko la pili huweza kufuata.

 

Msaada. Zimamoto na Uokoaji: 114.