Subira ya Bakteria Wanaoozesha Viazi

Bonyeza kiazi mviringo kilichoshikwa na uozo laini, kidole kitazama. Ganda bado ni zima, lakini chini yake nyama imegeuka uji mzito wa rangi ya maziwa, na mpaka kati ya palipooza na palipo pazima unaonekana wazi kabisa. Mwanzoni hakuna harufu. Uvundo anaoujua kila mwenye ghala huletwa baadaye na vijidudu wengine wanaokuja kula mabaki. Aliyeianza kazi ni bakteria aitwaye Pectobacterium, na huenda alikuwamo ndani ya kiazi hicho tangu shambani, kimya, bila kukidhuru.

Kwa nini alingoja? Tuanze na njaa yake. Chakula anachokitaka kimo ndani ya seli za kiazi, na seli hizo zimezungukwa na kuta zilizogandamana kwa pektini. Bakteria hana mdomo wala meno. Anachoweza kufanya ni kutoa nje vimeng'enya vinavyoikata pektini, ukuta ulegee, seli ipasuke na virutubisho vimwagike. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mmea huvitambua vipande vya pektini iliyokatwa kuwa dalili ya uvamizi, ukaanza kujikinga. Bakteria wachache wakianza kukata, vimeng'enya vyao havitoshi kuvunja chochote cha maana, na mmea umekwisha kuamka. Wakianza mamilioni kwa pamoja, ukuta huporomoka kabla kinga haijasimama.

Kwa hiyo wanahitaji kujua kama akidi imetimia. Mwaka 1994 wanasayansi watatu wa Marekani, Fuqua, Winans na Greenberg, ndio walioupa mwenendo huu jina lake kwa kuufananisha na kikao kisichoweza kupitisha jambo mpaka wajumbe watoshe.

Bakteria huhesabuje bila macho? Ndani ya kila seli kuna kimeng'enya kiitwacho ExpI, ambacho hutengeneza molekuli ndogo za kundi la laktoni za homoserini. Kila moja ina pete upande mmoja na mkia mfupi wa kaboni upande wa pili, na kwa udogo wake hupenya utando wa seli, ikatoka na kuingia. Bakteria akiwa peke yake kwenye maji mengi, molekuli zake hutawanyika na kupotea. Wakisongamana katika nafasi finyu kati ya seli za kiazi, molekuli hujikusanya nje, na kwa kuwa utando hauzizuii, hujikusanya na ndani pia. Tazama jambo hili vizuri: kinachopimwa si idadi ya bakteria, ni wingi wa molekuli mahali walipo. Ukubwa wa nafasi una uzito sawa na idadi ya waliomo.

Sasa tufike kwenye protini zinazoamua. Mtu angetarajia ishara hiyo iiwashe protini fulani, nayo iamrishe vimeng'enya vitengenezwe. Katika Pectobacterium mambo yamegeuzwa. Protini ya kuipokea ishara, ExpR, hufanya kazi pale ambapo ishara haipo: hushika DNA na kuchochea jeni inayotengeneza protini nyingine, RsmA. Hii RsmA ni ndogo sana, ya asidi amino 60 hivi tu, lakini ndiyo breki yenyewe. Jeni za vimeng'enya zinaponakiliwa kuwa RNA, RsmA huishika nakala hiyo, ikaharibika kabla haijasomwa. Ishara ikizidi, huingia ndani ya ExpR na kuifanya iachie DNA. RsmA hupungua, nakala hudumu na kusomwa, na vimeng'enya humiminika.

Nauona utaratibu huu kuwa wa busara kubwa. Silaha iko tayari wakati wote. Kinachohitajika ni kizuizi kuondoka, tena kwa bakteria wengi karibu wakati mmoja.

Protini ya ukoo uleule, CarR, inayopatikana katika baadhi ya aina za bakteria hawa, huenda kinyume chake: yenyewe huihitaji ishara ili ifanye kazi, na kazi yake ni kuwasha jeni za kutengeneza kiuavijasumu cha jamii ya kabapenemu. Ukifikiria, ratiba inaingiana. Pektini inapovunjwa na chakula kumwagika, vijidudu wengine hukimbilia karamu, na wakati huohuo waliofanya kazi wanatoa sumu ya kuwafukuza.

Je, tunaweza kuivuruga hesabu yao? Mwaka 2001 watafiti wa Singapore, kundi la Lian-Hui Zhang, walichukua kutoka kwa bakteria wa udongoni wa jenasi Bacillus jeni ya kimeng'enya kinachoifungua pete ya ishara. Waliipandikiza katika tumbaku na viazi, na mimea hiyo ikastahimili uozo. Ishara ilivunjwa, akidi haikutimia kamwe.

Wengine walijaribu kinyume, wakaifanya mimea yenyewe itoe ishara, ili bakteria wajifichue wangali wachache. Katika tumbaku, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kinga kuongezeka. Katika viazi, mwaka 2004, ikawa balaa: bakteria wachache waliamini kuwa ni wengi, wakashambulia mapema, na viazi vikaoza zaidi. Njia inayouokoa mmea mmoja inaweza kuumaliza mwingine, na ni upimaji pekee unaoweza kutuambia.

Mkulima anayehifadhi viazi vya kawaida hana jeni hizo, ila kuna jambo moja lililo mikononi mwake: maji. Utando wa maji juu ya ganda huizuia oksijeni kuingia kupitia vitundu vya kupumulia, kinga ya kiazi hulegea, na bakteria waliokuwa wametulia huanza kuzaliana. Ndiyo maana viazi huvunwa udongo ukiwa mkavu, haviingizwi ghalani vikiwa vimeoshwa na kubaki na unyevu, na kilicholainika hutolewa kabla ute wake haujawafikia wenzake waliokwaruzwa.