Picha ni ya Nani?

Huku kwetu Umoja kuna wapiga picha wengi wasio na studio. Kampuni ya matangazo hupewa kazi, tuseme na kiwanda cha mikate. Mbunifu wake hupanga rangi na maandishi, naye mpiga picha huitwa siku moja tu.

Mjomba wangu alipiga picha ya mkate namna hiyo, akalipwa mara moja. Baadaye tukaiona kwenye bango barabara ya Jogoo, kisha kwenye kalenda. Alipodai nyongeza akaambiwa, "Hiyo si yako tena, bwana!"

Mimi nilidhani ameibiwa. Kumbe wapi! Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kwamba haki ya kazi iliyoagizwa humwendea aliyeiagiza, isipokuwa wawe wamepatana vingine. Picha uliyojipigia mwenyewe bila kuagizwa ndiyo yako.

Basi kabla ya kushika kamera, andikianeni: picha itatumika wapi, kwa muda gani, kwa shilingi ngapi. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi mjomba ana daftari, na karani wake ni mimi.